Usiku Mdogo Chini ya Lavalava: Mzee Ezron Hivana Anakabidhi Spana

Mzee Ezron Hivana amekuwa fundi wa boti za Kituo chetu cha Afya cha Patukere kwa miaka thelathini na moja. Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, kabla jua halijazama, anakabidhi spana. Siku hiyo ameichagua mwenyewe. Anasema mtu akianza kustaafu Jumatatu atajiona mvivu, lakini akianza na Sabato atakuwa amepumzika pamoja na watu wote, na hakuna atakayemnyooshea kidole.

Nimeombwa niandike maneno haya kwa sababu mimi ndiye wa redio ya kituo, ile ya kuitana na boti, na wa redio husikia mengi. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine umebeba mtoto anayeota meno. Palipopinda mstari, mjue ni yeye.

Mzee alizaliwa ng'ambo ya ghuba, upande wa wachonga mpingo, na babake alitaka awe mchongaji kama ukoo mzima. Alijaribu. Inasemekana kila samaki aliyemchonga alitoka na uso wa mtu aliyenyimwa chakula. Basi akapanda meli ya kununua mbata, na kazi yake huko ilikuwa kuosha nati na bolti ndani ya karai la petroli. Aliosha mpaka akazijua kwa kugusa. Kituo kiliponunua mashine yake ya kwanza ya boti, walimwajiri alibebe sanduku kutoka gatini tu. Alilibeba, akalifungua, akabaki nalo mpaka leo.

Wageni huuliza siri ya Mzee ni nini. Siri haipo. Kila mashine iliyogoma kuwaka aliiuliza mambo matatu kwa mpangilio uleule: hewa, mafuta, moto. Tangi linapumua? Mafuta yanafika, na ni safi? Plagi inatoa cheche? Kamba ya kuwashia, kwake, ilikuwa ya mwisho. Wengi wetu tunaanza na kamba. Tunavuta mpaka bega linauma na plagi zimelowa chepechepe, kisha tunaitukana mashine, na yenyewe inanyamaza kama mkwe.

Nasi Patukere tuna ugonjwa wetu ambao sijasikia mahali pengine. Ijumaa alasiri, kabla Sabato haijaingia, kila mwenye boti hufunga ile skrubu ndogo ya hewa iliyo juu ya kifuniko cha tangi, ili mvua isiingie na harufu ya petroli isitufuate kanisani. Halafu Jumapili tunasahau kuifungua. Mashine inawaka vizuri, inatoka gatini kwa mbwembwe, inafika katikati ya ghuba, kisha inazimika polepole kama mtu aliyezibwa pua. Mzee aliuita ugonjwa wa Jumapili. Redio yangu siku hiyo haina "habari za asubuhi." Ina "Mzee yupo?"

Naye alikuwepo. Alikaa kwenye kigoda kando ya meza yangu, akafumba macho, vidole vyake vikatembea juu ya meza kana kwamba mashine ya mtu aliyekwama iko pale mbele yake. "Mwambie aguse ule mpira wa kubana, wa kusukuma mafuta," aliniambia. "Ni mgumu au umelegea?" Mimi nasema kwenye redio, sauti inatoka huko mbali, "Umelegea." Vidole vyake vinafungua kitu hewani. "Basi mafuta hayafiki. Afuate bomba lake mpaka kwenye tangi, polepole, kama anayetafuta mbegu kwenye chungwa." Mara nyingi mwanangu alikuwa amelala mgongoni, nje ghuba imetulia kama maziwa bakulini, na mimi nilihisi tumekaa wote ndani ya boti ileile, sisi na yule mtu tusiyemwona.

Mchungaji wetu ataniwia radhi nikikumbusha ile siku aliyomimina chupa nzima ya maji ya kunywa ndani ya tangi. Chupa za soda tunatilia kila kitu, maji, mafuta ya nazi, petroli, zote zimesimama pamoja chini ya benchi. Mzee alichota mafuta ya tangi kwa chupa nyeupe, akaiinua juani, tukaona mstari: petroli juu, maji yamekaa chini yametulia. "Mchungaji," alisema, "yule wa Kana aligeuza maji yakawa kitu kizuri zaidi. Wewe umerudi nyuma." Mchungaji alicheka kabla yetu sote. Tangu siku ile, kila chupa ya petroli Patukere inafungwa uzi mwekundu shingoni, na hata watoto wanajua kwamba yenye uzi haiguswi. Naihesabu hiyo kuwa kazi kubwa kuliko mashine zote alizozifufua.

Ana kasoro zake, nisije nikaonekana namwandikia malaika. Hajui kuimba, na anaimba. Kwenye vikao vya wafanyakazi hulala mara tu ajenda inaposomwa na kuamka chai inapoletwa. Bisibisi ya ofisi yenye mpini wa kijani ameiazima tangu kabla sijaajiriwa. Na huyu fundi wa mashine hana mashine. Huja kazini kwa mtumbwi wa makasia, asubuhi wakati mawingu yangali yamelala juu ya maji, na ukimwona kwa mbali huwezi kusema anapiga kasia baharini au mbinguni.

Lakini swali ambalo kila mtu anauliza gatini tangu ilipojulikana anaondoka, nami nimelisikia mpaka kwa kina mama wanaosubiri chanjo, ni moja. Boti ikikwama na mgonjwa ndani, na Mzee hayupo, nani atamfikisha? Kwa swali hilo nina haki ya kujibu, kwa sababu mgonjwa mmoja nilikuwa mimi.

Ilikuwa Jumapili. Mimba yangu ya kwanza, na mtoto alikuwa amelala mlalo tumboni. Sista Dulsi, muuguzi wetu, alinipapasa asubuhi ile, akasema hatungoji tena, twende hospitali kubwa ng'ambo kabla chupa haijapasuka. Nahodha alikuwa Wilfren, mpwa wa Mzee, kijana aliyekuwa mgeni kazini. Mzee mwenyewe alidandia tu, alikuwa anakwenda kuchukua vipuri. Mama yangu alinipa muhogo wa kusaga uliofungwa kwenye majani na lavalava mpya, kile kitambaa chetu cha kujifunga kiunoni, ya kujifunika jua, ya buluu, yenye maua meupe.

Nakumbuka safari ile kama mtu anavyokumbuka homa. Maji hayakuwa na kikunyanzi. Mawingu yalikuwa chini yetu na juu yetu, visiwa vidogo vikining'inia katikati bila kushikwa na kitu. Nilikuwa nimelala sakafuni mwa boti, kichwa kwenye mapaja ya Sista, mngurumo wa mashine ukinipanda mgongoni, na nikafikiri mtoto naye anausikia. Kisha mngurumo ukapungua, ukakohoa, ukaisha. Kimya kilikuwa kikubwa mno. Ndani ya kimya kile nikasikia sauti nyingine, ya mbali, kama mtu anayepepeta mchele bila kupumzika. Yalikuwa mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba, pale ghuba inapofunguka kwenda bahari kuu. Maji yalikuwa yanakupwa, na yalikuwa yanatuvuta kuelekea huko.

"Mjomba, mashine imekufa," Wilfren alisema.

"Mashine haifi. Inanuna. Iulize imenunia nini."

Wilfren alikuwa ameshaishika kamba ya kuwashia. Mzee akamgusa mkono. "Hewa?"

Kijana akatazama kifuniko cha tangi, akatazama pembeni. "Imefungwa, mjomba."

"Sabato iliisha jana jua lilipozama. Tangi lako bado linasali."

Hata mimi nilicheka, na Sista akanikataza kucheka. Skrubu ikafunguliwa, tangi likavuta pumzi, tukaisikia. Wilfren akabana ule mpira mpaka ukawa mgumu, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Wote tulikuwa tumeshajitayarisha kwenda.

Sista Dulsi si mtu wa maneno mengi. "Mzee Ezron, huyu binti hana muda wa nyinyi kubembeleza chuma."

"Najua, Sista. Ndiyo maana naenda taratibu. Nikiharakisha nitafungua vitano vizima nikaruka kibovu kimoja." Akageuka. "Wilfren, mafuta."

Walichota kidogo kwa chupa nyeupe, wakaiinua juani. Hakukuwa na mstari. Wakalitazama chujio, safi. Mafuta yalikuwa yanafika. Nanga ilikuwepo, lakini kamba yake haikugusa chini mahali pale, na kasia moja halishindani na maji yanayokupwa. Ile sauti ya kupepeta mchele ilikuwa imekaribia. Tumbo langu lilikaza, likaachia.

Mzee akautazama mwamba muda mrefu, kama anayepima kitambaa kwa macho. Kisha akanitazama mimi. "Binti, naomba lavalava yako."

"Mgonjwa wangu si duka la nguo," Sista alisema.

"Nataka usiku mdogo tu, Sista. Jua hili kali, na cheche ni kitu cha haya. Mchana huu haitajionyesha."

Hapo ndipo alipofanya jambo lililomkasirisha Sista kuliko yote. Aliwaambia wachomoe mpira wa mafuta, tangi lipelekwe mbele kabisa ya boti, kila tone lifutwe, na tungoje upepo upitishe harufu. Kungoja, na mwamba unatujia.

"Mzee!"

"Cheche na mvuke wa petroli haviketi nyumba moja," alisema, bila kupandisha sauti. "Nitawafikisha mkiwa wazima, au sitaanza."

Tukangoja. Nilivumilia kwa kuhesabu maua ya lavalava mkononi mwake, nikawa napotea, naanza upya.

Kisha akaifungua plagi, akaisugua ncha kwa kipande cha msasa wa wachongaji ambacho hakikosi mfukoni mwa mtu wa huku, akairudisha kwenye waya wake na kuilaza juu ya chuma cha mashine, ameishika kwa ndala ya mpira isimpige. Akajifunika lavalava yangu, kichwa chake na mashine pamoja, kama wazee wanavyojifukiza kwa majani. "Vuta."

Wilfren akavuta.

"Giza tupu," ilisema sauti kutoka ndani. "Basi tumejua. Hewa ipo, mafuta yapo, moto ndio haupo. Ulipoona imezima, Wilfren, ulifanya nini kwanza?"

"Nilichomoa kamba nyekundu, mjomba. Kwa usalama. Kisha nikairudisha."

Nayo ile kamba nyekundu, kwa wasiopanda boti, nahodha huivaa mkononi. Akianguka baharini inachomoka, swichi inakata moto, mashine inazima isije ikamkata. Ukiirudisha, swichi inaachia. Mzee alipapasa hapo, akavinusa vidole vyake. "Hiki nini?"

Wilfren akajishika nywele. "Mafuta ya nazi."

"Ya nini?"

"Ijumaa nilikuwa najipaka nywele za kwenda kanisani. Nikaona na swichi niipake kidogo, isishike kutu."

Sista Dulsi, ambaye alikuwa ameanza kuomba kimyakimya, aliguna katikati ya sala. "Ungeichana na nywele kabisa, ukaiweka njia ya pembeni."

Ndivyo ilivyokuwa. Mafuta ya nazi yalikusanya chumvi, yakaifanya shaba kuwa kijani, yakageuka gundi, na swichi ilipokwisha kubonyea haikuweza kurudi. Kamba ilikuwa mahali pake, lakini ndani swichi ilidhani nahodha bado yuko majini. Mzee aliufuata waya wake, akauchomoa, akaufunga tepu ncha usiguse kitu. Akaingia tena chini ya lavalava. "Vuta."

Niliona tu mgongo wake umetulia. Kisha pindo la lavalava likainuliwa upande wangu. "Binti, inua kichwa kama unaweza. Wilfren, vuta tena."

Ndani mlikuwa na kiza cha buluu, maua meupe yakipitisha jua kidogo kama nyota za mapema, na katikati, kwenye ncha ya ile plagi, cheche ikaruka. Ndogo kuliko punje ya mtama. Buluu. Ikaja, ikaenda, ikaja. Sijui nieleze vipi. Mpaka hapo nilikuwa nimeshaanza kuagana na mtoto wangu moyoni, polepole, ili isiniume baadaye. Nilipoiona ile cheche nikaacha.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Basi lala. Tunakwenda."

Lakini hakuirudisha plagi yeye. Alimpa Wilfren. Sista akasema, "Fanya wewe, Mzee, mikono ya huyu inatetemeka," na Mzee akautazama tena mwamba, akasema, "Nafasi ipo. Akitetemeka leo nikiwa hapa, siku nisipokuwepo hatatetemeka." Wilfren akaikaza plagi, akarudisha tangi, akaunga mpira, akabana, akavuta. Mashine ikaitika mara moja, kama mtu aliyeitwa jina lake.

Njia nzima Mzee alikaa amelishika lile ungio la mpira wa mafuta, tayari kulichomoa. Alimwambia mpwa wake, "Leo kamba yako nyekundu ni pambo tu. Ukianguka, mimi ndiye swichi." Na kesho yake, kabla hajanywa chai, aliweka swichi mpya. Hakuruhusu boti itoke bila kamba inayofanya kazi, hata daktari alipokuja juu.

Mwanangu Estelin alizaliwa kwa upasuaji jioni ile. Tulitaka kumpa jina la Mzee, akakataa. Alisema kuliko msichana kuitwa Ezron, afadhali aitwe Plagi.

Hakumkemea Wilfren kwa ile nazi, wala hakumsimulia mtu. Waliosimulia ni wengine, mimi nikiwa wa kwanza. Na uongozi ulipomuuliza Mzee nani arithi kazi yake, ukiwa na jina la mtu wa mjini mwenye vyeti vizuri, yeye alisema Wilfren. Wakamuuliza, yule wa mafuta ya nazi? Akasema, "Huyohuyo. Swichi ile hataisahau mpaka anakufa. Huyo mwingine bado hajaikosea."

Bado watu walikuwa na wasiwasi, na sitaficha, nami pia. Mpaka Jumapili moja mwezi uliopita. Wilfren alikuwa katikati ya ghuba na mtoto mwenye homa kali, Sista Dulsi akiwa naye, na mashine ikagoma. Redio ikaita. Mzee alikuwa kwenye kigoda chake. Nikamsogezea kipaza sauti. Akakunja mikono kifuani.

"Mzee," nilimwambia, "kuna mtoto kule."

"Nimesikia. Naye Wilfren yuko kule."

Nilikasirika, nawaambia ukweli. Mwanangu huyu mdogo alikuwa ananyonya, nikamhisi ameacha kunyonya akinitazama. Redioni tulisikia Wilfren akisema peke yake, si kwetu: "Hewa. Ipo. Mafuta. Yapo, safi." Kisha tukasikia maji yakigonga ubavu wa boti. Vidole vya Mzee vilikuwa vimetulia juu ya viwiko vyake, lakini niliona kimoja kinataka kutembea. Kisha sauti ya Sista, kwa hasira: "Na leo tena mnataka nguo yangu?" Nikaanza kucheka na machozi yakinitoka. Mzee akafumba macho. Tukangoja.

"Redio," Wilfren akaita. "Mwambie mjomba waya wa plagi ya juu umekatika ndani ya ganda lake. Nimeukata, nimeuunga upya. Nimeiona cheche." Na nyuma ya maneno yake mashine ikanguruma.

Mzee akainuka, akachukua kofia yake, akaweka mezani kwangu ile bisibisi yenye mpini wa kijani. Ndiyo siku aliyostaafu hasa. Ijumaa hii ni ya keki na hotuba.

Wachongaji wa ukoo wake wamemtengenezea plagi ya mpingo, kubwa kama mkono wa mtoto, na kwenye ncha wamepachika kipande cha kombe kinachong'aa buluu ukikigeuza. Atakabidhiwa baada ya chakula, viazi vitamu, samaki wa nazi na muhogo wa kusaga, na tunaomba asiimbe. Mama Navalin, mkewe, anaomba radhi mapema endapo ataimba.

Mzee Ezron, wafanyakazi wa Patukere tunakushukuru. Kina mama waliofika kwa boti zako tunakushukuru, na watoto ambao hawajui walifikaje wanakushukuru kwa kukanyaga bustani yako kila siku. Lavalava ile bado ninayo. Imefifia, na kona moja inanuka petroli mpaka leo. Estelin hujifunika nayo mchana akitaka kulala, anasema ndani mna usiku wake.

Mtumbwi wako hauna tangi, hauna waya, hauna kamba nyekundu, kwa hiyo ushauri hatuna. Tunakutakia maji yaliyotulia, na mahali unapotaka kwenda ufike bila haraka. Ukikwama, ita. Wilfren atakuja.